Mikono ipambayo wengine nayo ilindwe

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii, ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau punde karatasi zikusanywapo, inamwafiki sana fundi wa kucha wa zama zetu. Huyu hushinda kutwa akiipamba mikono ya watu wengine. Huikata kucha, huisugua, huipaka rangi na kuing'arisha hata ikapendeza. Mkono wake mwenyewe, ambao ndio uliofanya kazi hiyo yote, unauma kwenye shina la kidole gumba, na ifikapo jioni hauwezi hata kufungua kifuniko cha chupa.

Kazi hii si ya kudharauliwa. Katikati ya jiji la Nairobi, na vilevile Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, vijana wa kike na wa kiume wamejipatia riziki kwa meza ndogo, taa na kisanduku cha rangi. Miongoni mwao wamo waliomaliza kidato cha nne wakakosa karo ya kuendelea na masomo, na wamo kina mama wanaosomesha watoto kwa kazi iyo hiyo. Mtaji wao mkubwa si rangi wala mashine. Mtaji wao ni vidole kumi, na vidole hivyo vikigoma, biashara imefungwa.

Hata hivyo, fundi anapolalamika kwamba mkono unamuuma, aghalabu hujibiwa kwamba kazi ni kazi, kwamba atazoea, au kwamba vijana wa siku hizi ni walegevu. Mimi nasema kwamba maumivu haya si dalili ya ulegevu, wala si ada ambayo kila fundi sharti ailipe ili apate ujuzi. Kwa kiasi kikubwa ni matokeo ya namna kazi yenyewe inavyofundishwa na kupangwa. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza haipo hospitalini. Ipo darasani, mbele ya mwalimu, katika juma la kwanza la mafunzo.

Tuutazame kwanza mkono ukiwa kazini. Mkono mmoja wa fundi hukibana kidole cha mteja kati ya gumba na kidole cha shahada ili kisicheze, na mwingine hushika tupa ya kucha na kuisukuma mbele na nyuma kwa kasi. Tuchukue hesabu rahisi. Fundi akihudumia wateja watano kwa siku, atashughulikia kucha 50 za mikono. Tukisema kila ukucha wahitaji misuguo 40 tu, hiyo ni misuguo 2,000 kwa siku moja, na 12,000 kwa juma la siku sita. Bado hatujahesabu kuzibana koleo za kukatia ngozi, kufungua na kufunga chupa, kusugua kwa pamba yenye asetoni, na kuikanda miguu ya mteja kwa magumba mawili.

Kubana huko kwa ncha za vidole kuna gharama isiyoonekana. Wataalamu wa viungo walioupima mkono katika miaka ya 1970 walikadiria kwamba mtu akibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya gumba, mgandamizo katika kiungo kilicho kwenye shina la kidole hicho hufika takriban kilo 12. Basi fundi anayebana zaidi ya inavyohitajika hajichoshi mara moja tu, bali hujichosha mara kumi na mbili.

Maumivu yenyewe yako ya namna mbalimbali, na ni vyema mwalimu na mwanafunzi wayajue kwa sura zake. La kwanza ni lile la upande wa gumba kwenye kifundo cha mkono. Hapo kuna kano mbili zinazopita ndani ya ala nyembamba kama upanga upitavyo katika ala yake. Kano hizo zikivutwa mno huku kifundo kimepinda upande, ala hunenepa, njia huwa finyu, na kila msogeo wa gumba huuma. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1895, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Vitabu vya tiba vya Kiingereza vya zama hizo viliyahusisha na wanawake madobi, ambao kazi yao ya kukamua nguo iliwalazimu kukunja kifundo na kubana kwa nguvu kutwa nzima.

La pili ni ganzi. Katikati ya kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba ipitamo kano tisa pamoja na neva moja. Njia hiyo ikibanwa, neva husongwa, na mtu huhisi ganzi au michomo kama ya sindano katika gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Wengi huamka usiku wa manane wakiukung'uta mkono kama mtu akung'utaye maji. La tatu ni kulika kwa kiungo cha shina la gumba, jambo ambalo huwapata zaidi wanawake waliokwisha pita umri wa kuzaa, lakini ambalo kazi ya kubana huzidisha uchungu wake.

Itakuwa si haki kudai kwamba kila uchungu wa mkono umeletwa na saluni. Ujauzito na kipindi cha kunyonyesha, kisukari, na maradhi ya tezi la shingo huweza kuchangia, na umri nao una sehemu yake. Hata hivyo, msuguo wa mara kwa mara, nguvu nyingi na kifundo kilichopinda, mambo haya matatu yakikutana, huongeza hatari. Nayo ni mambo ambayo fundi anaweza kuyapunguza.

Elimu hii si ngeni. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, alichapisha mwaka 1700 kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, akakiongeza mwaka 1713. Humo alieleza kwamba waandishi huumia kwa kukaa kitako muda mrefu na kwa kuusogeza mkono upande ule ule bila kupumzika. Alisimulia habari za karani mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulichoka hata ukapooza. Karani yule akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na baada ya muda si mrefu huo nao ukapatwa na maradhi yale yale. Maana yake ni wazi: aliubadilisha mkono bila kuibadilisha kazi. Fundi wetu anayehamishia tupa mkono wa pili kwa kuwa wa kwanza umekataa anatembea katika nyayo za karani huyo, miaka zaidi ya 300 baadaye.

Wala kudharauliwa kwa uchungu wa mkono si jambo la hapa kwetu pekee. Mnamo Oktoba 1993, katika Mahakama Kuu mjini London, Jaji John Prosser alilikataa dai la mwandishi wa habari aliyesema mikono yake imeharibiwa na kazi ya kupiga chapa, akatamka kwamba jina la jumla lililopewa maumivu ya namna hiyo halina mahali katika vitabu vya tiba. Wengi walishangilia wakadhani suala limekwisha. Lakini sheria ya nchi hiyo hiyo ilikuwa tayari ikiutambua uvimbe wa kano za mkono kuwa maradhi ya kazi. Jina la jumla laweza kubishaniwa mahakamani. Kano iliyovimba haingojei hukumu.

Turudi sasa kwenye mafunzo yetu. Mwulize mwanafunzi wa urembo akutajie hatua za kupaka jeli, naye atazitaja kwa mfululizo. Mwulize jinsi ya kutakasa vifaa ili asimwambukize mteja, atakujibu. Kisha mwulize kiwiko chake kinapaswa kuwa wapi anaposugua ukucha, kifundo chake kiweje, na apumzike baada ya muda gani. Akinyamaza, usimlaumu yeye. Mwanafunzi hujibu alichofundishwa.

Hali ni ngumu zaidi kwa wanagenzi, yaani wale wanaojifunza kibandani kwa fundi aliyewatangulia. Mwanagenzi huiga kila kitu, ujuzi pamoja na makosa. Fundi wake akiketi kwenye kigoda kifupi huku ameinama na shingo imening'inia, naye ataketi vivyo hivyo, akidhani huo ndio ufundi wenyewe. Akithubutu kuomba kiti kirefu au tupa mpya hupigwa methali usoni: mchagua jembe si mkulima. Lakini tumwulize mkulima hasa. Hakuna mkulima wa kweli asiyejua urefu wa mpini unaomfaa, wala anayelima na jembe butu ilhali jiwe la kunolea liko nyumbani. Methali ile ilimlenga mvivu atafutaye kisingizio. Haikutungwa ili kumziba mdomo mtu anayetaka kufanya kazi miaka 30 badala ya mitatu.

Basi mwalimu afundishe nini? Kwanza, kiti na meza. Fundi aketi wima, miguu ikikanyaga sakafu, viwiko vikiwa karibu na mbavu na mikono ikiegemea meza. Kitambaa kilichokunjwa kiwekwe chini ya kifundo cha mteja ili mkono wake uinuke. Mkono wa mteja ndio uzungushwe kumfuata fundi, si fundi ajipinde kuufuata mkono wa mteja. Kifundo cha fundi kibaki kimenyooka kadiri iwezekanavyo, na mwendo wa kusugua utoke kwenye kiwiko na bega, si kwenye kifundo na gumba peke yake.

Pili, mshiko. Kitu chembamba hubanwa kwa nguvu kuliko kinene. Kwa hiyo mpini wa brashi na wa koleo waweza kuviringishiwa sifongo au kitambaa ili unenepe. Tupa iliyokwisha meno itupwe, na koleo butu zinolewe, kwa maana chombo butu hudai nguvu ambayo chombo kikali hakidai. Ngozi iloweshwe ilainike kabla ya kukatwa. Mashine ya kusugulia hupunguza misuguo ya mkono, lakini nayo isishikwe kama mtu ashikaye nyoka kichwani. Iwe nyepesi, itunzwe isitetemeke ovyo, na ishikwe kwa wepesi.

Tatu, mapumziko. Hapa ndipo wengi hucheka, wakisema maskini hana nafasi ya kupumzika. Sizungumzii likizo. Nazungumzia nusu dakika baada ya kumaliza mkono mmoja wa mteja, ambapo fundi ataweka chombo chini, atafungua vidole vyote, atateremsha mabega na kuviacha viganja vining'inie. Nazungumzia pia mpango wa siku: asiwapange wateja watatu wa kucha za akriliki mfululizo ikiwa aweza kumweka mmoja wa kupaka rangi tu katikati. Mkono huchoka kwa kurudia jambo moja; kazi ikibadilika, misuli nayo hupokezana.

Nne, saa za nje ya kazi. Gumba lililobana kutwa halipumziki likienda nyumbani kukamua blanketi na kisha kuandika ujumbe kwenye simu hadi usiku wa manane. Nguo nzito ikamuliwe na watu wawili au ining'inizwe ichuruzike yenyewe. Simu iwekwe mezani na kuguswa kwa kidole cha shahada.

Iwapo uchungu umekwisha kuanza, fundi asingoje. Apunguze mara moja kitendo kinachouchochea. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa kwa dakika 10 hadi 15, huweza kutuliza. Gango la kulishikilia gumba huzipa kano nafasi ya kupoa, na kwa mwenye ganzi ya usiku, gango la kukinyoosha kifundo wakati wa kulala husaidia wengi. Kumchua mtu kwa nguvu penye uvimbe kwaweza kumzidishia maumivu. Vidonge vya maumivu navyo si ruhusa ya kuendelea kujiumiza. Vikimezwa kila siku bila ushauri huweza kudhuru tumbo na figo.

Uchungu ukidumu zaidi ya majuma mawili, ganzi ikiendelea, vitu vikianza kumponyoka mtu mkononi, au nyama iliyo chini ya gumba ikianza kunywea, amwone daktari. Mkono ukivimba ghafla, ukawa mwekundu na wenye joto, tena pamoja na homa, aende siku hiyo hiyo. Wengi hupona kwa mapumziko, gango na mazoezi wanayopewa na mtaalamu wa viungo. Baadhi huhitaji sindano, na wachache upasuaji. Anayechelewa ndiye ambaye tiba yake huwa ndefu na ghali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Waajiri nao wana wajibu, na si wajibu wa hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, hata kwa muda tu. Inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, vifaa na majukumu vinalinganishwa na mfanyakazi na uwezo wake. Saluni si msamaha. Mwenye saluni aliyetumia fedha nyingi kwa vioo na viti vya wateja hawezi kusema amekosa kiti cha fundi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka uo huo wa 2007, nayo inawahesabu hata wanagenzi waliosajiliwa kwa mkataba kuwa wafanyakazi. Lakini mafundi wengi hukodi meza na kujitafutia wateja wao wenyewe, na hao ni vigumu kudai fidia chini ya sheria hiyo. Kwao mkono ukiharibika hakuna mshahara, hakuna mafao, hakuna wa kushtakiwa. Hii ndiyo sababu ninashikilia kwamba elimu ya kinga ni haki yao kabla ya kitu kingine chochote.

Ninapendekeza kwa hiyo mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Walimu wa vyuo vya ufundi waanze somo la kucha kwa somo la mkono, kabla mwanafunzi hajashika tupa. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, pamoja na wote wanaotahini ufundi huu, wawatake watahini watazame jinsi mtahiniwa anavyoketi na kushika vifaa, na watoe alama kwa hilo. Sisi walimu twajua vyema kwamba kisichotahiniwa hakisomwi. Ukucha uliong'aa sana mbele ya mtahini huku kifundo cha mtahiniwa kimepindana kama ndoana si kazi kamili. Ni kazi nusu, na nusu iliyobaki italipwa kwa uchungu.

Mteja naye asijitoe. Anayeketi kwenye kiti na kumhimiza fundi amalize upesi, kisha akapunja bei hata fundi akalazimika kupokea wateja wengi kupita kiasi, ana mkono wake katika uchungu wa mkono wa mwenzake. Kutulia, kulegeza vidole ili fundi asilazimike kuvibana, na kulipa bei iliyokubaliwa ni mambo madogo kwa mteja, lakini ni makubwa kwa fundi.

Huenda msomaji aliye mwalimu wa shule ya upili akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu. Yeye anayesahihisha madaftari 50 kwa usiku mmoja huku ameibana kalamu kama anayetaka kuivunja ni jamaa wa karani wa Ramazzini, na mwanafunzi wake aandikaye insha akiwa ameinama juu ya dawati lisilolingana na kimo chake yumo safarini kuelekea huko huko. Isitoshe, baadhi ya wanafunzi walio mbele yake leo ndio mafundi wa kucha, washonaji, wasusi na vinyozi wa kesho. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mkono vilevile hufundishwa kabla haujazoea kujiumiza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Aliyeitunga methali hii alijua vyema kazi ya gumba. Mwalimu afundishe, mtahini apime, mwajiri anunue kiti, mteja awe na subira, na fundi mwenyewe asione haya kuweka chombo chini na kuupumzisha mkono. Hapo ndipo kijana aliyeanza kazi hii akiwa na miaka 20 ataweza kuifanya hadi awalee wanawe na kuwasomesha, badala ya kuiacha akiwa na miaka 27 kwa kuwa hawezi tena kushika kijiko.